Mtumishi wa Sentimita Mia na Hamsini na Nane

Nchi hii haitajwi jina, maana jina lake lina herufi saba, na herufi saba kwa sheria za huko ni herufi kumi, na hizo tatu za nyongeza hakuna anayezijua. Tuiache hivyohivyo. Wenyeji wake ni watu wapole, wana redio, wana bendera, na wana Wizara ya Vipimo na Makadirio.

Sheria yenyewe ilianzia uwanjani. Waziri wa wizara hiyo, Mheshimiwa Mangwangala, alisimama siku moja kuwasomea wananchi mavuno ya mwaka. Karatasini palikuwa na namba yenye nukta, na nyuma ya nukta kulikuwa na tarakimu sita. Mheshimiwa aliiingia ile namba vizuri, akafika kwenye nukta, akateleza. Akarudi nyuma, akaingia tena, akateleza palepale. Mtu mmoja huko nyuma akacheka.

Wiki iliyofuata nukta zote zilipigwa marufuku. Tarakimu zilizokuwa zikikaa nyuma ya nukta zikabaki hazina kwao, nazo zikafutwa. Kisha, ili kazi isiachwe nusu, ikaamriwa kwamba kila namba inayoandikwa katika nchi ikadiriwe kwenye makumi kabla haijatumika kwa jambo lolote. Kuanzia nne kushuka ni sifuri. Kuanzia tano kupanda ni kumi.

“Ndugu wananchi,” Mheshimiwa alisema redioni, “sifuri haina kona. Haimchomi mtu wala haimpendelei mtu. Taifa ambalo namba zake zote zinaishia na sifuri ni taifa lililotulia.”

Na kweli mambo yalitulia. Timu ya taifa ilifungwa mabao manne kwa bila, ikatoka sare, watu wakaimba barabarani. Mzee mmoja mwenye mbuzi wanne aliambiwa hana mbuzi, akasamehewa ushuru wa mifugo, akaisifu serikali siku nzima. Usiku wa pili wezi wakawachukua wale mbuzi, na polisi wakamweleza kwa upole sana kwamba hakuna kilichoibwa. Watoto wa miaka mitano walitimiza kumi kwa siku moja, wakahamishiwa darasa la nne, ambako walilia wakitaka kulala mchana.

Juu ya mji mmoja wa nchi hiyo, mji uitwao Machuguni, kuna kilima, na juu ya kilima kuna tangi la maji la saruji. Kando ya tangi kuna chumba kimoja, na ndani ya chumba alikuwa akikaa mwanamke aitwaye Nyamizi binti Kasanda.

Nyamizi aliajiriwa hapo kama mfagizi. Shule aliiachia darasa la tano, mama yake alipougua, na hakuipata tena. Lakini mpimaji wa kituo, Mzee Kilumanga, alikuwa mtu asiyeweza kufanya kazi kimya, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuongea naye, aliongea na mfagizi. Alimwonyesha mizani ya shaba, namna ya kuifuta sahani yake kabla ya kuweka kitu, namna ya kuinama mpaka jicho lilingane na mshale. Alimwambia hesabu hukadiriwa mwishoni, kamwe siyo katikati. Alimwambia kila namba iandikwe na kipimo chake, kwa sababu nne peke yake haielezi kama ni gramu nne au magunia manne, na kati ya hizo mbili kuna kaburi. Miaka minane walifanya hivyo. Kisha Mzee Kilumanga akastaafu, akaenda kwao, na barua ya kumleta mpimaji mwingine haikuja. Nyamizi akaegemeza ufagio ukutani, akashika mizani.

Sasa alikuwa mwaka wa tatu peke yake. Kituo kilikuwa na vikombe viwili vya bati, naye aliviosha vyote viwili kila asubuhi, ingawa kilichotumika kilikuwa kimoja. Kuna siku neno lake la kwanza lilitoka saa tisa alasiri, na lilikuwa la kuiambia mizani itulie, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Alikuwa mwenye haya tangu utotoni. Haya za mtu aliye kati ya watu, wenzake huziona, huzitania, zikapungua. Za kilimani hazikuwa na wa kuzitania, zikakua.

Mji wote ulikunywa maji aliyoyatia dawa yeye, na yeye aliuona mji wote kutoka juu: nguo zilizoanikwa, moshi wa jikoni, watoto wakitoka shule. Aliufahamu kama mtu anavyofahamu picha iliyotundikwa kwa jirani. Mtu mmoja tu wa chini alimfahamu kwa sauti, Bi Kidawa, muuza maandazi, ambaye karai lake lilikuwa pale njia ya kilimani inapoanzia. Kila Alhamisi Nyamizi alishuka kupeleka fomu posta, na akirudi aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akala maandazi mawili, akasikiliza habari za mji.

Sheria ya makumi ilipofika Machuguni, ilifikishwa na Afisa Mkadiriaji wa Wilaya, Bwana Shomvi, kijana aliyevaa tai fupi. Alipanda kilima akihema, akauliza dawa ya maji ni kiasi gani.

Nyamizi alimjibu kwa sauti ndogo kwamba ni gramu nne za dawa kwa kila lita elfu moja, na tangi ni lita elfu hamsini, kwa hiyo anapima gramu mia mbili.

“Mia mbili ni namba safi,” alisema Bwana Shomvi, “lakini imezaliwa na nne. Sheria inasema kila namba ikadiriwe kabla haijatumika, dada. Nne ni sifuri. Sifuri zidisha kwa hamsini, unapata nini?”

 Nyamizi alitaka kusema lile la Mzee Kilumanga, kwamba hukadirii katikati, lakini maneno yalimkwama kama kawaida, na afisa alikuwa tayari anaandika. Akaandika: dawa, sifuri. Akamsihi asiwe na wasiwasi, kwa kuwa mji uliokuwa ukihitaji kipimo cha sita ulikuwa sasa unapewa kumi, kwa hiyo kwa ujumla nchi haijapoteza kitu.

Siku tano Nyamizi alitii. Alifuta sahani ya mizani, akaweka sifuri ndani yake, akaenda kumimina sifuri kwenye tangi. Alhamisi alishuka.

Bi Kidawa hakumkaribisha kwenye ndoo. Alikuwa akigeuza maandazi bila kuyatazama.

“Maji yako siku hizi yana ladha ya mto,” alisema.

Nyamizi alimuuliza kama kuna anayeumwa.

“Wako wanne mtaa wa sokoni. Wawili huku kwa mafundi seremala. Na mjukuu wangu, tangu juzi anaharisha, macho yameingia ndani. Nimempeleka zahanati, mganga kamwona, kampa maji ya chumvi na sukari. Halafu akaandika kwenye daftari. Nikamwuliza umeandika nini. Akaniambia, mama, mtaa wenu una mgonjwa mmoja, kwa hiyo hauna mgonjwa.” Aliinua andazi, likamwangukia tena kwenye mafuta. “Mwanangu, huko juu mmebadilisha nini?”

Nyamizi alipanda kilima bila kula. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Siku hiyohiyo alipima gramu mia mbili, akazimimina, akakoroga kwa mti mrefu mpaka dawa yote ikayeyuka. Lakini dawa iliyokuwa stoo ingetosha siku ishirini tu, na mtaa hadi mtaa kule chini ulikuwa unakunywa. Ili gari la dawa lije, fomu ilibidi ionyeshe kwamba dawa inatumika, na fomu ilikuwa na nafasi moja tu: kiwango kwa lita elfu.

Alikaa na fomu ile siku tatu. Siku ya tatu alimkumbuka Mzee Kilumanga akisogeza mkono kwenye ubao wa vipimo, akimwambia kwamba gramu moja ukiivunja ni miligramu elfu moja, ni kitu kilekile, hakuna kilichoongezeka zaidi ya uvumilivu wa kuhesabu. Akachukua kalamu. Akaandika: miligramu 4000.

Hapakuwa na uongo hapo hata kidogo. Ilikuwa ni ileile nne, imevaa viatu virefu.

Bwana Shomvi alipanda kilima mbio, tai iko begani. Aliikagua ile namba kwa mbele na kwa nyuma. Akauliza kama miligramu ni kubwa kuliko gramu. Nyamizi akasema inatajwa kwa namba kubwa zaidi. Afisa akatikisa kichwa kwa heshima. Alisema katika wilaya nzima hakuna kituo kilichofika hata mia, na hawa wako elfu nne, na akaomba radhi kwamba mara ya kwanza hakuuelewa ukubwa wa kazi hii.

Gari la dawa likaja. Mjukuu wa Bi Kidawa akaanza kucheza. Nyamizi alikula maandazi mawili kwenye ndoo yake, akacheka mara moja, kwa mkono mdomoni. Angeweza kuishi hivyo mpaka mwisho.

Lakini kufanya vizuri kuna hatari zake katika nchi hiyo. Kituo cha miligramu elfu nne kilitajwa wizarani, na wizara ikataka kujua kinaendeshwa na watumishi wangapi. Fomu ikaja, na fomu za wizara zilipenda utaratibu: palikuwa na nafasi ya namba, na kando yake nafasi ya kipimo.

Nyamizi aliandika 1, kipimo: mtu.

Fomu ilirudi baada ya wiki mbili ikiwa na muhuri. Ile moja ilikuwa imepigwa mstari kwa rula, na juu yake, kwa wino mwekundu, kulikuwa na sifuri iliyoandikwa vizuri. Chini palielezwa kwamba kituo kisicho na mtumishi hakiwezi kupelekewa dawa, kwa kuwa hakuna wa kuipokea, na kwamba kitafungwa mwisho wa mwezi. Barua iliandikwa kwa jina lake. Ilianza na “Ndugu Nyamizi,” ikamshukuru kwa ushirikiano.

Alishuka hadi ofisi ya wilaya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mbele ya meza ya Bwana Shomvi. Alimweleza kwamba mtumishi yupo, ndiye yeye, amesimama hapa. Bwana Shomvi alimsikiliza kwa huruma ya kweli.

“Nakuona, dada,” alisema. “Mimi binafsi nakuona. Ila ofisi haina macho, ina fomu. Mngekuwa watano mngekuwa kumi. Huna ndugu wa kuja kukaa nawe? Rafiki je? Wanne tu.”

Nyamizi alifikiri. Mama alikuwa amefariki. Mzee Kilumanga alikuwa mbali na magoti yake hayakutaka kilima. Alihesabu watu wanaoweza kuacha shughuli zao wakaja kuishi naye juu ya kilima, akaanza na Bi Kidawa, mwenye wajukuu sita, na hakupata wa pili. Mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kufanya hesabu hiyo. Yeye aliifanya amesimama, mbele ya afisa aliyekuwa akimsubiri na kalamu.

“Sina,” alisema, akaomba fomu mpya.

Kilimani alijipima. Alisimama ukutani bila viatu, akaweka rula ya bati juu ya kichwa, akatia alama kwa mkaa, akapima kutoka sakafuni. Akaandika: watumishi, 158. Kipimo: sentimita.

Alisita kabla ya kuifunga bahasha. Kisha akajiambia kwamba hajadanganya. Kila kilichokuwa kinafanya kazi kituoni kilikuwa na urefu huo, na kipimo kipo hapo, mwenye kusoma asome.

Bahati mbaya, mwezi uleule wizara ilikuwa imeondoa nafasi ya vipimo kwenye daftari kuu la taifa, ili kubana kurasa. Waheshimiwa walikuwa wamelalamika kwamba yale maneno madogo kando ya namba yanachelewesha kusoma. Ile 158 ikafika makao makuu ikiwa pekee, ikakadiriwa, ikawa 160. Jioni moja Nyamizi aliisikia kwenye redio yake, akiwa anamenya kiazi: kituo cha Machuguni, watumishi mia moja na sitini, dawa elfu nne, kituo cha mfano kwa taifa zima. Kisu kikamtoka mkononi.

Alhamisi iliyofuata Bi Kidawa alikuwa amevaa kanga mpya. Alisema ameisikia. Alisema hakujua, miaka yote hii, kwamba huko juu kumejaa watu kiasi hicho.

“Na mimi nilikuwa nakuonea huruma,” alisema. “Nasema mtoto wa watu, peke yake na tangi, hebu nimpindulie ndoo akae kidogo. Kumbe una watu wako mia na sitini.”

Nyamizi alitaka kumweleza. Lakini kwenye foleni ya maandazi walikuwa wamesimama watu watatu, na mmoja alikuwa karani wa wilaya, na dawa ya mwezi ilikuwa bado haijaletwa. Akasema, ndiyo, wako wengi. Bi Kidawa akamfungia maandazi mengi sana kwenye gazeti, awapelekee wenzake, na ile ndoo akaipa mteja mwingine.

Waziri mwenyewe alikuja siku ya Jumanne. Yalitangulia malori mawili. La kwanza lilikuwa na viti vya plastiki mia moja na sitini, zawadi ya wizara. La pili lilikuwa na magunia ya dawa, ya mwaka mzima, Nyamizi aliyahesabu kwa macho kabla halijazima injini. Vijana wa wizara walivipanga viti kwa mistari kumi, kuanzia mlango wa chumba chake hadi ukingo wa kilima. Kisha Mheshimiwa Mangwangala akashuka garini, akapanda kwenye kreti, akatazama. Viti vyote vilikuwa vitupu. Nyamizi alikuwa amesimama kando, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae.

Mheshimiwa alihutubia. Alivishukuru vile viti kwa moyo wao wa kujituma. Alivieleza kwamba nchi nyingine hutegemea tarakimu zisizo na maana, na ndiyo sababu hazilali. Upepo ukaangusha kiti kimoja mstari wa nyuma. Mheshimiwa akasubiri kisimamishwe, akaendelea. Alipomaliza, Bwana Shomvi alipiga makofi, vijana wa wizara wakafuata.

Kisha Waziri alishuka kwenye kreti, akamwita Nyamizi pembeni, mahali ambapo tangi liliwakinga wasionekane. Huko sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtu aliyechoka.

“Uko peke yako hapa, binti.”

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

“Nilijua tangu kwenye kona ya barabara. Njia ya watu mia na sitini haioti majani.” Akajifuta shingo. “Sasa nisikilize. Namba imeshasomwa redioni. Mimi naweza kuandika kwamba mko mia na sitini, na lile lori likashushwa, na kila mwaka likaja jingine. Au naweza kuandika ukweli, kwamba kuna mtu mmoja. Ukweli ni sifuri, na lori linarudi na mzigo wake. Wewe ndiye unayekaa hapa. Useme.”

Nyamizi aliutazama mji. Ilikuwa saa ambayo akina mama huchota maji ya jioni. Ndoo zilikuwa kwenye mistari kwenye mabomba yote matano, nyekundu, bluu, njano, na watoto wakirushiana maji. Alijua kwamba neno likishatoka, hatakuja mtu tena kuuliza kama kilimani kuna upweke. Walio wengi hawaulizwi.

“Tuko mia na sitini, Mheshimiwa,” alisema.

Lori likashushwa. Kabla ya kuondoka, Bwana Shomvi alimkabidhi daftari. Kila Jumatatu aite majina yote, aweke alama mbele ya kila aliyepo, na atume karatasi wizarani. Wiki isipofika karatasi, dawa inasimama. Majina alikuwa ameyapata kwenye ofisi ya mabaki, mahali wanapoandikwa watu waliopunguka namba za vijiji vyao zilipokadiriwa, na ambao wizara ilikuwa haijui iwaweke wapi. Nyamizi alipitia kurasa kwa kidole. Akauliza, mbona jina lake halimo.

Bwana Shomvi aliona haya. Alisema lilikuwemo, aliliandika yeye mwenyewe, la mwisho kabisa. Lakini orodha ilipofika juu ilikuwa na majina mia moja sitini na matatu, na hiyo siyo namba ya kisheria, wakakata matatu ya chini.

Jumatatu ya kwanza Nyamizi aliamka mapema. Alifuta umande kwenye viti kwa kitambaa, vyote, mstari kwa mstari. Akasimama mbele yavyo na daftari, akaanza kuita. Mwanzoni aliita kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya mwingine, lakini kufika ukurasa wa pili sauti ilikuwa imefunguka. Aliita Mwasiti Kibangu. Aliita Lutengano Sekile. Aliita watu wa vijiji asivyovijua, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo, kiasi ambacho mtu angehitaji kuitika, ndipo akaweka alama ya yupo. Chini mji ulikuwa umeamka, na mabomba yalikuwa yanatoka maji yenye dawa, gramu nne kwa lita elfu, bila kupungua wala kuzidi.

Alipoweka alama ya mia moja na sitini alifunga daftari. Hakuondoka. Alivitazama viti, navyo vilimtazama, vyeupe, vimetulia kama alivyosema Mheshimiwa.

“Nyamizi binti Kasanda,” aliita.

Akanyamaza kiasi kilekile alichowapa wengine.

“Nipo,” akasema, akaingia ndani kupima dawa.